Msamaha wa mkopo wa masomo Marekani: si kila mwezi unahesabiwa

Mama mmoja alikuja ofisini kwangu jioni akitoka kazini, bado kavaa sare, bahasha ya kaki kaibana kwapani. Ni muuguzi, mzaliwa wa Bukavu, na hospitali anakofanya kazi haiendeshwi kwa faida. Alijua kwamba mtumishi wa mahali kama pale akitimiza malipo 120 ya kila mwezi, mkopo wake wa serikali unafutwa. Miezi 132 ilikuwa imepita tangu aanze kulipa. "Nimekuja unisaidie kuomba barua ya kumaliza," aliniambia. Tukafungua akaunti yake kwenye studentaid.gov, tovuti ya serikali ya mikopo ya masomo, tukashuka mpaka kwenye mstari wa malipo yaliyokubaliwa. Ilikuwa imeandikwa 71.

Nawashauri wanafunzi na wahitimu wa chuo chetu kuhusu mikopo, na wanaonijia wakizungumza Kiswahili ni wengi: Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi. Karibu wote wamewahi kuniuliza, "Ule msamaha umefika wapi?" Nafikiri neno lenyewe linatuponza. Kwetu mdai akikusamehe deni, amekuonea huruma siku hiyo na basi, mambo yamekwisha. Kumbe hapa Marekani ni masharti ya mkataba. Unalipa kwa mpango fulani, kwa mwajiri wa aina fulani, kwa idadi fulani ya miezi, ndipo salio linafutwa. Kwa hiyo serikali inapoubana msamaha, mkopaji haambiwi "hapana" mara moja. Anaona miezi yake imekataliwa, au safari imerefushwa, au siku ya kusamehewa imeambatana na kodi.

Miezi 61 ya yule mama ilipotelea wapi? Tulimwaga bahasha mezani tukaanza na fomu za kodi za W-2, zile ambazo mwajiri humpa mfanyakazi kila mwaka kuonyesha mshahara wake. Kila fomu ina kisanduku chenye herufi b, na humo mna namba ya mwajiri. Fomu za miaka yake mitatu ya mwanzo zilikuwa na namba tofauti na za baadaye. Wodi ilikuwa ileile, wagonjwa walewale, lakini mshahara ulikuwa ukilipwa na kampuni ya wakala inayofanya biashara. Hospitali inakubalika, wakala hakubaliki. Hapo ilikwenda miezi 36. Miezi mingine 10 ilikuwa ya kipindi alichoacha kazi na kuomba marejesho yaahirishwe, mama yake alipougua sana. Iliyobaki, 15, ilikwama pamoja na mpango wa marejesho uitwao SAVE, ambao nitaueleza mbele kidogo. Hakuna mwaka hata mmoja ambao alikwepa kulipa.

Mpango huu wa watumishi wa umma, ambao wengi wanaujua kwa kifupi chake PSLF, uliwekwa na sheria ya mwaka 2007. Unamhusu anayefanya kazi saa 30 au zaidi kwa wiki serikalini, shule za umma zikiwemo, au katika shirika lisilo la faida lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani lililosamehewa kodi ya mapato. Waombaji wa kwanza walifika mwisho wa safari mwaka 2017, na karibu wote walikataliwa kwa sababu kama hizo tulizozikuta kwenye bahasha. Baadaye masharti yalilegezwa kwa muda, na kufikia Oktoba 2024 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamefutiwa. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani ni hadithi tu. Sivyo, watu wanamaliza.

Kilichokufa ni ule msamaha wa jumla wa Rais Biden, wa dola 10,000 kwa mtu, au hadi 20,000 kwa aliyewahi kupata ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuzuia tarehe 30 Juni 2023, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikisema waziri wa elimu hakupewa na Bunge mamlaka ya kufuta madeni kwa kiwango hicho. Mpaka leo kuna watu wanaopigiwa simu na kuambiwa watoe ada ili waingizwe kwenye "orodha ya msamaha". Hakuna orodha ya namna hiyo. Kila fomu ya mikopo ya serikali inajazwa bure.

Sasa SAVE. Ulikuwa mpango wa kulipa kwa kadiri ya kipato. Ulianza mwaka 2023, na kwa mwenye kipato kidogo ulikuwa mwepesi kuliko yote. Majimbo kadhaa yakaushtaki, na Julai 2024 mahakama ikausimamisha. Zaidi ya watu milioni 7 wakawekwa pembeni: hawakudaiwa rejesho la mwezi, lakini miezi yao haikuhesabiwa kwa PSLF. Wengi walifurahia ahueni hiyo, nami nawaelewa, maana kodi ya nyumba haingoji. Ila wakati wanapumua, saa ya msamaha ilikuwa imesimama, na tangu 1 Agosti 2025 riba imerudi. Aliyekuwa na kazi inayokubalika katika kipindi hicho anaweza kuomba kuilipia miezi hiyo baadaye, pale itakapokuwa ndiyo pekee inayomkosesha 120. Kwa yule mama maana yake ni kwamba akilipa vizuri miezi 34 mingine, anaweza kuombea ile 15 na kufunga hesabu. Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile.

Tarehe 4 Julai 2025 ilisainiwa sheria kubwa ya kodi na matumizi, na ndiyo iliyoupindua utaratibu wote wa marejesho. Inaufuta SAVE na kuleta mpango mpya uitwao RAP, ambao nao unafuata kipato. Anayechukua mkopo wa serikali kuanzia 1 Julai 2026 anabaki na njia mbili tu: rejesho la kiwango kisichobadilika, au RAP. Ndani ya RAP salio linafutwa baada ya miaka 30. Mpango wa zamani wa IBR, ambao pia unafuata kipato, ni miaka 20 au 25, kutegemea ulikopa lini. Mtu wa miaka 35 anayeanza RAP leo, bila kazi ya utumishi wa umma, atafutiwa akiwa na miaka 65.

Hesabu ya RAP inahitaji macho makini, maana inakwenda kwa ngazi. Inachukua kipato chako cha mwaka kama kilivyo kwenye fomu ya kodi. Kati ya dola 40,000 na 50,000 ni asilimia 4, ngazi inayofuata asilimia 5, na hivyo hivyo mpaka asilimia 10 kwa anayezidi 100,000. Kila mtoto unayemtegemeza anakupunguzia dola 50 kwa mwezi, na hakuna anayelipa chini ya dola 10. Mzazi mwenye watoto wawili na kipato cha dola 42,000 chini ya SAVE alipangiwa sifuri. Chini ya RAP ni dola 140, toa 100 za watoto, inabaki 40 kwa mwezi.

Ugumu uko kwenye kuvuka ngazi. Chukua muuguzi mwenye kipato cha dola 70,000 kamili. Analipa asilimia 6, yaani 4,200 kwa mwaka kabla ya kupunguziwa ya watoto. Akiongeza shifti chache za sikukuu akafikisha 71,000, ngazi inapanda hadi asilimia 7, naye analipa 4,970. Amepata dola 1,000 zaidi na mkopo umechukua 770, kodi bado hajakatwa. Watu wetu ni wa shifti za ziada, tunazihitaji kwa ada za wadogo zetu nyumbani na michango ya misiba na harusi, kwa hiyo jambo hili litatugusa sana. Njia halali ya kushuka ngazi ipo: fedha unazoweka kwenye akiba ya uzeeni kazini kabla ya kodi zinapunguza kipato kinachohesabiwa. Zungumza na ofisi ya rasilimali watu kabla mwaka haujaisha, maana ukisubiri Januari umeshachelewa.

RAP ina jambo moja jema, nalo lisemwe. Tulifunzwa kwamba dawa ya deni ni kulipa, lakini kwa mipango ya zamani mtu aliweza kulipa miaka saba bila kukosa na deni likawa kubwa kuliko lilivyoanza, kwa sababu rejesho dogo lilishindwa hata kumaliza riba. Chini ya RAP, ukilipa kwa wakati, riba iliyobaki mwezi huo inafutwa, na serikali inaweza kuongezea hadi dola 50 ili deni lenyewe lipungue. Deni halikui tena. Wenye riba nyingi na mshahara mdogo wanaweza kupumua hapo.

Angalieni sana mikopo mipya. Mwenye mikopo ya zamani inayoruhusiwa IBR, akichukua hata mkopo mmoja kuanzia 1 Julai 2026, anaipoteza IBR kwa ile ya zamani pia. Kuunganisha mikopo baada ya tarehe hiyo kunahesabiwa kuwa ni kukopa upya. Mhitimu anayetaka kurudi kusoma kozi moja ndogo, na kozi hiyo inaweza kulipiwa kwa akiba ya miezi minne, afikirie mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali mkopo.

Halafu kodi. Kuanzia mwaka 2021 hadi mwisho wa 2025, deni la masomo lililofutwa halikutozwa kodi ya serikali kuu. Kuanzia 1 Januari 2026, anayefutiwa baada ya miaka 20, 25 au 30 anahesabiwa kama amepata kipato. Ukisamehewa dola 45,000 katika mwaka uliopata mshahara wa 40,000, fomu yako itasoma 85,000, na unaweza kupoteza nafuu ya kodi ya wenye kipato kidogo au ruzuku ya bima ya afya. PSLF haimo katika kodi hiyo. Aliye na madeni makubwa kuliko mali zake zote anaweza kujitetea kwa Fomu 982, lakini asiijaze peke yake, amtafute mtu wa kodi.

Baba mmoja aliyemkopea binti yake mkopo wa wazazi, ule wa Parent PLUS, aliniuliza swali ambalo Mswahili yeyote angeuliza. Nyumbani kwao, kabla ya maziko, familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. "Nikifa, wanangu watadaiwa?" Hapana. Mkopo wa serikali hufutwa akifa aliyekopa, na huu wa mzazi hufutwa pia akifa mwanafunzi aliyekopewa. Familia inapeleka cheti cha kifo kwa kampuni inayokusanya marejesho, basi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nikiwa hai?"

Akiwa hai, mambo yamekaza. Mkopo wa mzazi unaotolewa kuanzia 1 Julai 2026 hauna kabisa mpango unaofuata kipato. Kiwango chake pia kimewekewa ukomo, dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Mzazi anayefagia ofisi usiku kwa mshahara usiopanda hana tena mahali pa kukimbilia rejesho likimlemea. Mikopo ya zamani ya wazazi ilikuwa na mlango mmoja wa kuingia IBR: kuiunganisha kabla ya tarehe hiyohiyo. Mzazi mwenye mkopo mpya naye anabakiwa na rejesho la kiwango kimoja, na kazi ya utumishi wa umma haimsaidii kusamehewa. Wazazi, kabla ya kuweka saini, muulizeni mtoto kama amechukua kwanza kiwango chote cha mkopo ulio kwa jina lake mwenyewe, ambao bado una RAP na PSLF.

Wanaosoma kwa viza ya mwanafunzi, wenzetu waliokopa benki binafsi kwa mdhamini, hawamo katika haya yote. Mikopo yao haina msamaha wa serikali, na mdhamini anabaki kwenye ndoano.

La mwisho linawahusu wakalimani wetu na wale wanaofanya kazi katika mashirika ya kupokea wakimbizi, ambako Kiswahili kimeajiri watu wengi. Kanuni iliyotangazwa Oktoba 2025, ya kuanza kutumika 1 Julai 2026, inampa waziri wa elimu mamlaka ya kuliondoa katika PSLF shirika atakaloona lina lengo kubwa lisilo halali, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kusaidia uvunjaji wa sheria za uhamiaji. Majimbo na miji kadhaa imekwenda mahakamani kuipinga. Kwa kanuni yenyewe, miezi uliyotumikia kabla mwajiri wako hajaondolewa inabaki kuwa yako. Hivyo usisubiri mwaka wa kumi ndipo uombe saini. Jaza fomu ya uthibitisho wa mwajiri kila mwaka, na kila unapohama kazi, wakati msimamizi anayekujua bado yupo kazini. Pakua ukurasa unaoonyesha idadi ya malipo yaliyokubaliwa, uuchapishe, uuweke pamoja na W-2 zako. Yule mama wa Bukavu ameshafanya hivyo, na bahasha yake ya kaki sasa imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu: 71.