Je, wajua kwa nini mtawa wa Farfa alinakili upya hati za abasia yake, yaani nyumba yao ya watawa, moja baada ya nyingine?

Mwaka 1092, katika abasia ya Farfa huko Sabina, takriban kilomita 40 kaskazini-mashariki mwa Roma, mtawa Gregorio wa Catino alianza kunakili hati za nyumba yake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na aliishi hapo tangu alipoletwa utotoni pamoja na ndugu yake. Kazi hiyo ilimchukua maisha yake yote yaliyobaki, na mpwa wake Todino ndiye aliyeikamilisha rejista, yaani kitabu cha nakala hizo.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Farfa ilimiliki mashamba, misitu, vinu na makanisa yaliyotapakaa katikati ya Italia, na kila kimoja kilisimama juu ya hati: zawadi ya mtawala wa Spoleto, dola ndogo ya katikati ya Italia, barua ya papa ya mwaka 705, fadhila za Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, za mwaka 775. Hati ikipotea, jirani mwenye nguvu anahamisha mpaka na huna cha kumwonyesha hakimu. Na Farfa ilikuwa imeshapigwa vibaya. Mwishoni mwa karne ya 9 watawa waliwakimbia wavamizi Wasaraseni (Waislamu), wakagawana hazina yao katika makundi matatu yaliyokwenda Roma, Rieti na Fermo. Mwaka 936 abate (mkuu wa abasia) Ratfredo aliuawa kwa sumu, na Campo aliyeshika nafasi yake akawagawia wanawe mali ya abasia. Baadaye ukaja ugomvi mrefu na Crescenzi, ukoo wenye nguvu wa Roma.

Sababu ya pili ni kwamba hati zenyewe zilikuwa zinakufa. Ofisi ya papa iliendelea kuandika juu ya mafunjo, yaani karatasi ya matete ya Misri, hadi karne ya 11. Katika hewa kavu ya Misri mafunjo hudumu sana, lakini kwenye unyevunyevu wa milima ya Italia huota ukungu, huliwa na wadudu, na hukatika pale yalipokunjwa. Hati iliyofunguliwa mara kwa mara ili isomwe ndiyo hufa mapema, na hiyo ndiyo inayohitajika zaidi. Maandishi nayo yalikuwa ya mkono wa kale, herufi zimeshikana, na kila kizazi walioweza kuyasoma walipungua.

Kwa hiyo dawa ilikuwa kuhamisha kila kitu kwenye ngozi, ndani ya kitabu kimoja. Ngozi ya kondoo au ndama hulowekwa siku kadhaa katika maji ya chokaa ili manyoya yatoke, huwambwa kwenye fremu, hukwanguliwa kwa kisu cha mviringo ikiwa bado na maji, kisha huachwa ikauke hivyo hivyo imewambwa. Ikiondolewa mapema hujikunyata. Vipande vinne hukunjwa katikati na kuingizwa kimoja ndani ya kingine: hapo unapata kijitabu cha majani 8, kurasa 16. Vitundu hutobolewa pembeni na mistari huchorwa kutoka kitundu hadi kitundu, bila wino, kwa ncha ngumu. Wino wenyewe hupikwa kwa vinundu vya mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Chuma kikizidi, wino hutafuna ngozi. Gundi ikipungua, herufi husambaa.

Kunakili kuna mtego unaowanasa hata wenye uzoefu. Hati za ardhi hurudia maneno yale yale: "pamoja na mashamba yake, mizabibu yake, maji yake." Mnakili huinua jicho kuchovya kalamu, akirudi anatua kwenye "yake" ya mstari wa chini, na shamba zima limeruka bila sentensi kuonekana imevunjika. Tarakimu za Kirumi nazo ni hatari, kwa kuwa XIII na XIIII hutofautiana kwa kijiti kimoja. Hapo msaada ni tarehe yenyewe, maana hati nyingi huandikwa mwaka wa mtawala pamoja na indiktio, yaani nafasi ya mwaka katika mzunguko wa miaka 15. Chukua mwaka, ongeza 3, gawanya kwa 15, tazama kinachobaki: 705 na 3 ni 708, kinabaki 3, kwa hiyo Juni 705 ni indiktio ya 3. (Kisipobaki kitu, ni ya 15, na kwa desturi ya Kigiriki hesabu hupanda kila Septemba 1.) Hesabu mbili zisipopatana, kuna mahali pamekosewa.

Gregorio alijaza rejista yenye hati zaidi ya 1,200, akizipanga kwa mfuatano wa miaka. Lakini kinachomtofautisha na mnakili wa kawaida ni alichofanya baadaye. Rejista ilieleza abasia ilipataje mali. Mwaka 1103 akaanza kitabu cha pili, cha mali zilizotoka kwa mikataba ya upangaji. Hiki, kwa maoni yetu, ndicho kilichokuwa na faida kubwa zaidi ya kila siku. Shamba lilikodishwa mara nyingi kwa vizazi vitatu: baba, mwana, mjukuu. Ikifika miaka 80 hakuna aliye hai anayekumbuka kwamba lilikodishwa, na kitukuu anaamini kwa moyo safi kwamba ni urithi wake. Asiye na nakala ya mkataba hawezi hata kujua siku ya kudai. Kuanzia 1107 akaandika historia ya abasia, na karibu na mwaka 1130, akiwa na takriban miaka 70, faharasa ya majina ya mahali kwa mpangilio wa alfabeti, kwa sababu anayeshitakiwa kuhusu kijiji fulani anajua jina la kijiji, hajui mwaka wa hati.

Rejista iko leo katika Maktaba ya Vatikani, na ilichapwa Roma kati ya 1879 na 1914. Hati asilia za karne za mwanzo zimepotea karibu zote, hivyo sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Spoleto ya Walombardi, watu wa Kijerumani waliotawala Italia kabla ya Karolo Mkuu, yamepitia mkono wake.

Jambo moja la kuangaliwa. Gregorio mwenyewe anasema alisahihisha Kilatini kibovu cha hati, bila kuongeza wala kupunguza maana. Anayetaka kujua nani alimiliki nini Sabina katika karne ya 8 ana mahali pazuri pa kuanzia. Anayetaka kujua notari (mwandishi rasmi wa hati) wa wakati huo aliandika Kilatini cha namna gani aende Lucca, ambako hati zenyewe za karne hiyo zimesalia kwa wingi, pamoja na makosa yake yote.