Kijiko kimoja cha panadol si dozi

Ukimuuliza mzazi wodini amempa mtoto kiasi gani, jibu ni lile lile: "Kijiko kimoja cha sirapu ya panadol." Sirapu ipi? "Si ile ya watoto?"

Sirapu za paracetamol, dawa iliyomo kwenye panadol, hazifanani! Dozi ya mtoto ni mg 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Chukua mtoto wa kilo 8: dozi yake ya juu ni mg 120. Sirapu ya mg 120 kwa ml 5 inampa hiyo kwa ml 5 kamili. Chupa iliyo pembeni yake dukani ni ya mg 250 kwa ml 5, na kijiko kile kile kinampa zaidi ya mara mbili. Ile chupa ndogo ya matone, mg 100 kwa kila ml 1, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Wazazi huiona ni ya wachanga wakadhani ni nyepesi, kumbe ndiyo kali kuliko zote. Ml 5 zake ni mg 500, sawa na kidonge kizima cha mtu mzima, wakati mtoto huyu alihitaji ml 1.2 tu.

Basi soma uzito wa karibuni kwenye kadi ya kliniki, zidisha kwa 15 upate mg za juu, soma lebo ujue ni ml ngapi, kisha vuta dawa kwa bomba lisilo na sindano. Kijiko cha chai kiache kwenye sukari. Andika na saa uliyompa.

"Ikizidi haina neno, ni panadol tu." Ina neno. Sehemu ya dawa hii ikifika kwenye ini hugeuka sumu, na glutathioni, kinga iliyomo kwenye ini lenyewe, ndiyo huizima. Glutathioni ikiisha, seli za ini hufa. Mtoto mwenye utapiamlo ana akiba ndogo zaidi. Siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima kabisa. Usisubiri dalili, mwahishe hospitali: asetilisisteini, dawa ya kuzuia sumu hiyo, huokoa vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8 tangu dozi ilipozidi.

Mtu mzima mwisho wake ni vidonge 8 vya mg 500 kwa siku, na paracetamol iliyomo kwenye dawa za mafua inahesabiwa humo humo.

"Panadol ya dripu ina nguvu zaidi." Dawa ni ile ile, ila inawahi. Anayeweza kumeza, ameze. Wauguzi wenzangu, chupa ya dripu ni mg 10 kwa ml 1: mg 60 ni ml 6. Ukitundika ml 60 umempa mara kumi.

"Homa imeshuka, malaria imeisha." Paracetamol haigusi vimelea hata kimoja. Mpeleke akapimwe leo, hata kama anacheza.