Je, wajua kwa nini Longyearbyen na Utqiaġvik ziko karibu kuliko Nairobi na Dubai?

Tazama ramani ya ukutani ya darasani. Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard vya Norwei, uko juu katikati. Utqiaġvik, mji wa kaskazini kabisa Alaska, umejibanza juu kushoto. Kwa macho, kati yao kuna karibu nusu ya dunia. Kumbe kati ya viwanja vyao vya ndege kuna takriban kilomita 3,390, wakati Nairobi hadi Dubai ni kama 3,550.

Kosa huanzia kwenye hesabu ya shuleni: digrii moja ni kilomita 111. Miji hii imepishana kwa digrii 172 za longitudo. Zidisha, unapata kilomita 19,000 na ushei. Kwa longitudo, hesabu hiyo ni sahihi kwenye ikweta tu. Ukipanda kaskazini longitudo hubanana: Utqiaġvik digrii moja ni kama kilomita 36, Longyearbyen 23 hivi, na kwenye Ncha ya Kaskazini ni sifuri. Hata ukirekebisha hilo bado umekosea. Ukifuata latitudo ya Utqiaġvik kwa digrii zote 172 utakwenda zaidi ya kilomita 6,000, kwa sababu unaizunguka ncha ambayo ungeweza kuivuka.

Fungua mwavuli. Kilele chake ni ncha, vyuma vyake ni longitudo. Weka kidole kwenye chuma kimoja karibu na kilele, na kingine kwenye chuma kinachokitazama upande wa pili. Sisimizi anayefuata duara la kitambaa atachoka. Anayepanda kileleni na kushuka ng'ambo amefika zamani. Ramani ya ukutani ni kitambaa hichohicho kilichovutwa hadi kikawa mstatili, na kile kilele, nukta moja tu, kikatandazwa kuwa ukingo mzima wa juu.

Kwa hiyo pima kupitia kilele. Longyearbyen, latitudo 78.25, iko digrii 11.75 kutoka nchani. Utqiaġvik, latitudo 71.3, iko digrii 18.7. Jumla ni 30.45, zidisha kwa 111.6, urefu wa digrii ya latitudo huko juu, maana dunia ni bapa kidogo nchani. Unapata 3,400 hivi. Njia fupi kabisa hupita kama kilomita 110 pembeni ya ncha na kuokoa kilomita chache tu. Tahadhari: mkato huu unafaa pale tofauti ya longitudo inapokaribia 180. Ikiwa ni 60, utakudanganya vibaya.

Jeti ya kilomita 850 kwa saa ingemaliza safari kwa muda wa saa nne na nusu, kupaa na kutua humo humo. Lakini Longyearbyen ina watu 2,500 hivi na Utqiaġvik hawafiki 5,000, na hakuna ndege ya ratiba inayoiunganisha. Ukipitia Oslo, Reykjavík, Seattle na Anchorage, ni kilomita 13,000 na karibu saa 19 hewani, bila kuhesabu kusubiri viwanjani.

Aprili 1928, Hubert Wilkins na rubani Carl Ben Eielson waliruka kutoka Point Barrow, jirani na Utqiaġvik, hadi Svalbard kwa ndege ya injini moja. Walitumia saa 20 na dakika 20, kisha dhoruba ikawashusha kwenye kisiwa kisicho na watu, wakangoja siku kadhaa hadi ilipotulia.