Nyumba iliyojaa vitu na msongo wa mawazo: maswali na majibu

Je, vitu vingi ndani ya nyumba huongeza msongo wa mawazo?

Kwa watu wengi, ndiyo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti kuhusu jozi 30 za wanandoa walioeleza nyumba zao huku wakirekodiwa, kisha mate yao yakapimwa kotisoli, homoni ya msongo. Kwa kawaida homoni hiyo huwa juu asubuhi na hupungua kuelekea usiku. Kwa wanawake walioziona nyumba zao zimevurugika au zina kazi zisizokwisha, ilipungua kidogo tu. Hilo peke yake halithibitishi kwamba vitu ndivyo chanzo, kwani aliyechoka pia hukosa nguvu za kupanga. Hata hivyo, kila kitu kisicho na mahali pake ni uamuzi ulioahirishwa, na jicho hukutana nao upya kila linapopita.

Nianzie wapi?

Anza na sehemu ndogo unayoitumia kila siku: droo moja au meza ya kulia. Stoo isubiri, na picha na barua ziwe za mwisho kabisa, maana kumbukumbu hukula muda na kukuchosha kabla hujafika popote.

Weka kengele ya dakika 20. Andaa mfuko wa taka na maboksi matatu: la kugawa, la vitu vya vyumba vingine, na la vitu ambavyo hujaviamua. Toa kila kitu, futa vumbi, kisha rudisha vile tu unavyovitumia. Ukisita, jiulize: nimekitumia katika mwaka uliopita? Nikikihitaji tena, nitakipata bila taabu? Usiinuke kupeleka kitu chumba kingine kabla kengele haijalia. Ukifika huko utaanza kazi nyingine na droo itabaki imemwagwa sakafuni. Boksi la visivyoamuliwa lifunge na uandike tarehe. Miezi mitatu ikipita bila kulifungua, toa vilivyomo, isipokuwa nyaraka.

Mbona baada ya wiki mbili hali hurudi ile ile?

Mara nyingi ni kwa sababu boksi la kugawa halikuondoka. Likikaa mlangoni, vitu huchomolewa kimoja kimoja, kwa hiyo panga siku na mtu wa kulipokea kabla hujaanza. Kosa jingine ni kununua makasha kwanza: unaishia kuvihifadhi vizuri vitu usivyovihitaji. Na vitu vinavyoingia kila siku, kama funguo, bili na mabegi, vipe mahali maalumu karibu na mlango. Kabati nalo lisijazwe pomoni, maana kitu kinachorudishwa kwa kusukumwa hakitarudishwa.

Mwenzangu hataki kutoa vyake.

Usivitupe kwa siri. Akigundua, atashikilia zaidi. Kubalianeni sehemu yake, naye aipange apendavyo.

Dawa zilizokwisha muda nizifanyeje?

Zirudishe duka la dawa kama linapokea. Kama halipokei, na maelezo ya dawa hayaagizi vingine, changanya na udongo bila kuzisaga, funga ndani ya mfuko usiovuja, kisha tupa kwenye taka mahali watoto hawafiki.

Ni wakati gani tatizo linahitaji daktari?

Mtu anaposhindwa kabisa kuachana na vitu, hata visivyo na thamani, mpaka kitanda hakilaliki au jiko halipikiki. Shirika la Afya Duniani limeutambua ulimbikizaji wa namna hii kuwa ugonjwa wa akili katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022. Si uvivu. Kumsafishia nyumba kwa nguvu humuumiza, na kwa kawaida vitu hujaa tena. Msaada wake ni tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia. Wakati akiisubiri, ombeni ridhaa yake muondoe kwanza vilivyo karibu na jiko na vinavyoziba njia ya kutokea, kwa sababu ya hatari ya moto na kuanguka.