Sayansi ni nini? Ninavyomjibu mtoto wa miaka mitano

Mtoto mdogo akiuliza sayansi ni nini, wakubwa wengi humtajia vitu: roketi, hadubini, mtu aliyevaa koti jeupe, chupa zenye maji ya rangi. Nilifundisha fizikia sekondari kabla ya kuhamia kwenye mafunzo ya walimu wa madarasa ya awali, na picha hizo ndizo ninazoziona kwenye kuta za madarasa karibu kila ninakokwenda. Mtoto anazitazama, anaondoka akiamini kwamba sayansi iko mbali na kwao na ina wenyewe.

Mimi humwambia hivi: sayansi ni kukiuliza kitu chenyewe. Unataka kujua kama chungwa linaelea? Usimuulize mama, wala usiniulize mimi. Liulize chungwa.

Watoto hucheka, maana chungwa halina mdomo. Basi tunaleta beseni la maji. Lakini kabla chungwa halijaguswa, kila mmoja lazima akisie kwa sauti: litaelea au litazama? Hatua hii walimu wengi huiruka kwa haraka ya kufika kwenye jaribio, nami naiona kuwa kubwa kuliko jaribio lenyewe. Asiyekisia hutazama maji kama atazamavyo televisheni. Aliyekisia anangoja jibu lake. Chungwa likiwekwa, linaelea. Wambie walimenye na kulirudisha majini: linazama, ingawa limepungua uzito. Ganda lile lina vijishimo vilivyojaa hewa. Ukiwa na tikiti, liweke nalo, kisha tumbukiza msumari mmoja. Yule aliyesema vizito vyote huzama na vyepesi vyote huelea sasa ana jambo la kufikiria, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosa. Maji ndiyo yaliyosema.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la maharage, kwa sababu linawashangaza hata walimu. Loweka maharage usiku kucha, kisha yapange juu ya pamba yenye unyevu katika makopo mawili. Kopo moja likae dirishani, jingine ndani ya kabati lenye giza. Maharage yatoke kwenye fungu moja, maji yawe kiasi kilekile, pamba ileile. Mwanga tu ndio utofautiane. Mtoto wa miaka mitano huielewa sababu ya sharti hili upesi kuliko tunavyodhani, kwani katika umri huo ni mkali sana juu ya haki. Mwambie kwamba tukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hatutajua ni lipi lililoleta tofauti, naye atakusimamia usije ukazidisha maji upande mmoja.

Baada ya siku kadhaa, mche wa kabatini huwa mrefu kuliko wa dirishani. Ni mwembamba, umepauka na kuwa wa manjano, lakini kwa urefu umeupita mwenzake. Watoto hupiga kelele kwamba wa gizani umeshinda. Hapo ndipo mwalimu hubabaika, kwa sababu alitarajia wafike kwenye sentensi ya kitabuni, "mimea inahitaji mwanga", na sasa ushahidi unaonekana kusema kinyume. Nimeona mwalimu akiliondoa kopo mezani. Nawasihi sana, msiliondoe. Mtoto ameona sawasawa. Mwacheni achore alichokiona, kwa urefu wake na rangi yake. Kisha kopo lirudi kabatini. Siku zikiendelea, mche ule unalegea, unainama na kufa. Ulikuwa unarefuka kwa kula akiba iliyomo ndani ya punje yenyewe, ukitafuta mwanga, na akiba imekwisha. Mtoto aliyeuona mwanzo na mwisho wake ameelewa jambo ambalo sentensi ya kitabuni isingempa: kwamba alichokiona mwanzoni kilikuwa kweli, ila alikuwa hajangoja vya kutosha kujua maana yake.

Wazazi huniletea hofu moja ninayoiheshimu. Wanasema, tukimzoesha mtoto kuuliza "umejuaje?", si ataanza kubishana na wakubwa? Nawajibu kwamba adabu na swali hukaa pamoja bila shida. Mtoto anaamkia, anakaa chini, halafu anauliza: "Babu, umejuaje kwamba leo mvua itanyesha?" Babu atamweleza upepo ulivyogeuka, mawingu yalivyokaa juu ya mlima, joto la jana jioni. Mzee ana ushahidi wake wa miaka mingi, na huenda hajawahi kuulizwa. Mjukuu akitaka, aweke alama kwenye kalenda kila siku babu anaposema mvua inakuja, na alama nyingine ikinyesha kweli. Sijaona mzee aliyechukia kuulizwa hivyo.

Watoto wakubwakubwa kidogo mimi huwasimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, Tanganyika, alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inaisha, na mwenzake aliweka yake bila kuyachemsha. Mpemba naye akaona asichelewe, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Saa moja na nusu baadaye yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Kisha Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja kuzungumza na wanafunzi, na kijana yule akasimama na swali lake lilelile: kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35? Wenzake wakamcheka. Osborne hakuamini, lakini aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika makala pamoja, na jambo hilo likabaki likiitwa kwa jina la Mpemba.

Ninapofika hapa watoto huuliza kwa nini maji ya moto yanawahi. Nawaambia ukweli: watu wazima bado wanabishana. Wako wanaosema ni kwa sababu maji ya moto hupungua kwa mvuke, wengine wanataja gesi zilizomo majini, au namna maji yanavyozunguka chomboni. Mwaka 2016 wanasayansi wa Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo linatokea. Sioni sababu ya kumficha mtoto haya. Kwangu mimi, huu ndio utamu wa habari yenyewe: swali la mwanafunzi wa Lushoto bado linawafanya watu wachemshe maji na kuwasha friza.

Linabaki swali gumu, na watoto hawachelewi kulileta: je, vitu visivyoingia kwenye beseni? Dinosaria hakuna aliyewaona, sasa tunawaulizaje? Jibu langu liko Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, mamia ya watu wa huko walichimba mifupa chini ya usimamizi wa watu kama Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, mrefu kupita mita 13. Mifupa ndiyo inayoulizwa. Meno yanasema alikula nini, na tabaka la mwamba linasema ni wa zamani kiasi gani.

Na rangi ya ngozi yake? Huyo wa Tendaguru mifupa yake haisemi rangi. Kijani kile kilichomo vitabuni ni kisio la mchoraji, na mtoto anastahili kuambiwa hivyo, kisha apewe kalamu akisie ya kwake.