"Hadithi Tu": Dhana Potofu Ninazozisikia Dukani

Wiki haipiti hapa Malindi bila mzazi kukirudisha kitabu mezani na kuniambia, "Hii ni hadithi tu. Mpe mtoto cha historia, cha kweli." Nimelijibu hili kwa mmoja mmoja hadi nimechoka, basi nawajibu wote hapa.

Dhana: Riwaya ya kihistoria ni uongo, inampotezea mtoto wakati.

Si kweli. Mwandishi hubuni watu, lakini mambo yaliyowapata mara nyingi yalitokea. Rashidi wa Kuli, riwaya ya Adam Shafi, ni wa kubuniwa; mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja mwaka 1948 haukubuniwa.

Au chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2021, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Yusuf, akiwa na miaka 12, anaondoka kwao na tajiri aliyezoea kumhesabu kuwa jamaa. Ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfungua macho: yule si jamaa yako, babako anadaiwa. Mtoto amewekwa rehani. Vitabu vya historia vitakwambia kwamba watu wa pwani na bara waliweka watoto rehani kwa madeni, kisha vitaendelea na biashara ya pembe. Riwaya inakuweka dukani na yule mtoto, unamsikia akijifunza kutomwita tena yule tajiri kwa jina la undugu. Ukishasoma hapo, neno rehani halikupiti hivi hivi tena.

Sisi wa Malindi ndio tungepaswa kulijua hili mapema. Karne ya 19 mji huu ulisifika kwa nafaka, na waliolima mashamba yale walikuwa watumwa. Wenye mashamba wametajwa kwenye hati. Wengi wa waliolima hawakuandikwa hata jina. Sasa hao tuwasome wapi? Mwandishi makini huzisoma hati hizo hizo, kisha akauliza zisichosema: walikula nini, walimwogopa nani, usiku waliambizana nini. Mwongo anakuficha kwamba anabuni. Huyu amekwambia tangu jalada kuwa anasimulia riwaya.

Dhana: Basi kila kilichomo ni historia.

Hapana, wanafunzi wangu, msinukuu riwaya kwenye insha ya historia! Ebrahim Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ni kiumbe cha sanaa. Yule wa kweli, wa Vita vya Maji Maji, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Na si vitabu tu. Hapa kwetu wageni bado wanaambiwa kwamba rubani aliyempeleka Vasco da Gama India mwaka 1498 alikuwa Ahmad ibn Majid, ilhali wanahistoria wengi wamelikataa hilo. Dawa yake ni penseli. Kila ukikutana na mwaka, vita au jina la mtawala, weka alama pembeni, umalize sura, ndipo ukatafute. Usikatize sura njiani, utapoteza vyote viwili, hadithi na historia.

Dhana: Riwaya ya kutia moyo ni ile ambayo maskini anatajirika.

Msomeni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Katika riwaya yake, Myombekere na mkewe Bugonoka hawajajaliwa mtoto, ndugu wa mume wanamtukana mke mpaka wazazi wake wanamchukua kwao. Myombekere anamfuata, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika kuitengeneza ili mkewe arudi. Utajiri haumo. Na mwandishi mwenyewe alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri kwa Kiswahili kwa mkono wake, ikachapishwa 1980. Miaka 35! Anayetafuta subira aanzie hapo.

Dhana: Riwaya za Kiswahili ni za mtihani.

Hili hunikera kwa sababu wanaolisema wengi walizipenda hizo riwaya shuleni, kisha wakazigawa siku matokeo yalipotoka. Kaombeni mrudishiwe. Baada ya Isha, televisheni ikiwa imezimwa, mmoja asome kwa sauti kurasa chache na wengine wasikilize, watoto na bibi yao. Anzeni na Kuli: mazungumzo yake ni ya Kiswahili cha pwani, bibi hatahitaji kufasiriwa.