Anodi za nano: yanayosemwa vijiweni na yaliyomo ndani ya betri

Kwenye maduka ya simu ya Arusha na Moshi, neno "nano" likibandikwa kwenye pawabenki au betri ya pikipiki ya umeme huchukuliwa kama muhuri wa ubora. Lebo yenyewe haisemi ni kitu gani kimefanywa kiwe cha nano, wala kwa faida gani. Hapa tunaizungumzia anodi, upande hasi wa betri ya lithiamu-ioni, kule ambako lithiamu hukimbilia unapochaji.

"Nano inaongeza chaji."

Kiasi cha lithiamu kinachoingia huamuliwa na kemia ya kitu chenyewe. Kinywe, ambacho wengine hukiita grafiti, hubeba lithiamu moja kwa kila kaboni sita. Hiyo ni miliampia-saa 372 kwa gramu, na ukikisaga kiwe laini kuliko poda ya mtoto namba hiyo haipandi. Silikoni hufika 3,579. Tatizo lake ni kwamba ikijaa lithiamu huumuka hadi karibu mara nne ya ujazo wake, kisha husinyaa chaji inapotoka. Punje kubwa hupasuka, vipande hupoteza mguso na karatasi ya shaba inayokusanya umeme, na uwezo wa betri hushuka ndani ya mizunguko michache tu ya kuchaji na kutumia.

Punje ya silikoni iliyo chini ya nanomita 150 hivi (nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita) huumuka bila kupasuka. Hapo ndipo nano ina kazi: inaifanya silikoni istahimili. Faida ya pili ni mwendo. Ukipunguza umbali wa ioni za lithiamu kupenya ndani ya punje mara kumi, muda wa kupenya hupungua mara mia, na hilo husaidia kuchaji haraka.

(Uvimbe huu usichanganywe na ule wa betri ya simu inayosukuma kioo kitoke. Huo kwa kawaida ni gesi ya elektrolaiti iliyooza, yaani kile kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya betri. Betri hiyo haitobolewi wala haikandamizwi irudi. Inatolewa.)

"Kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo bora."

Hili ndilo linalowaponza hata wanaojua kemia. Gramu moja ya silikoni yenye punje za kipenyo cha mikromita 5, yaani nanomita 5,000, ina eneo la uso la kama nusu mita ya mraba. Ifanye nanomita 50 na eneo linafika mita za mraba 51, chumba kizima cha kulala na sebule yake. Na kila sehemu ya uso huo inagusana na elektrolaiti, ambayo kwenye volteji ya chini ya anodi haitulii: huvunjika na kujenga utando mwembamba. Utando ni wa lazima, kwani ndio unaozuia elektrolaiti kuendelea kuvunjika, lakini unajengwa kwa lithiamu, na lithiamu hiyo hairudi tena. Kinywe kizuri hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi kwenye chaji ya kwanza. Silikoni ya nano isiyofunikwa inaweza kupoteza robo au zaidi.

Kisha punje inaumuka, utando unachanika, mwingine unajengwa, na lithiamu nyingine inaliwa. Piga hesabu: betri isiyo na akiba ya lithiamu, inayorudisha asilimia 99.9 kila mzunguko, baada ya mizunguko 500 imebaki na asilimia 61. Ikirudisha 99.99, inabaki na 95. Kwa hiyo mtu akikusifia anodi yake kwa kuwa "inarudisha asilimia 99", muulize mizunguko mingapi.

Dawa mojawapo ni muundo wa yai: kiini cha silikoni ndani ya ganda la kaboni, na nafasi tupu katikati. Kiini cha nanomita 100 kinataka ganda lenye uwazi wa nanomita 156 hivi ndani ili kikiumuka kisilipasue. Utando hujengwa juu ya ganda lisilosogea, basi haubomoki. Gharama yake ni nafasi hiyo hiyo tupu, maana kwa kila lita ya betri umebeba hewa. Gundi inayoshikanisha punje nayo ina neno. PVDF, plastiki iliyozoeleka kwenye kinywe huachia silikoni inapoumuka, ilhali CMC, gundi ya selulosi, na asidi ya poliakriliki hushika vizuri zaidi.

"Silikoni ni mara kumi ya kinywe, basi betri itakaa na chaji mara kumi."

Anodi ni nusu tu ya hadithi. Kwa ampia-saa moja, kathodi, yaani upande chanya, ya miliampia-saa 180 kwa gramu inahitaji gramu 5.6. Anodi ya kinywe ni gramu 2.7, ya silikoni gramu 0.28. Jumla imeshuka kutoka 8.3 hadi 5.9, kama asilimia 29. Ongeza shaba, alumini, elektrolaiti na kopo, faida inazidi kupungua. Ndiyo maana viwanda vingi huchanganya silikoni kidogo ndani ya kinywe badala ya kukiondoa.

"Pumba za mpunga wa Lower Moshi zinaweza kugeuzwa anodi nyuma ya nyumba."

Nusu ya kwanza ni kweli, na inavutia. Kilo ya pumba inaweza kutoa gramu 150 hadi 200 za silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, tena yenye vitundu vya nano vilivyofumwa na mmea wenyewe. Huoshwa kwanza kwa asidi ya haidrokloriki, kwa sababu potasiamu ikibaki huyeyusha silika na kufungia kaboni ndani. Kisha huchomwa kwenye nyuzi 600 hadi 700. Ukizidisha sana moto vitundu hufunga.

Baadaye silika hupokonywa oksijeni kwa magnesiamu, ndani ya argoni, gesi isiyomenyuka, kwenye nyuzi 650 hivi: gramu 60 za silika kwa 48.6 za magnesiamu, kupata si zaidi ya gramu 28 za silikoni. Mmenyuko huu hujipasha wenyewe, na ukiachwa hivyo huyeyusha ule muundo wa nano uwe mabonge. Ndiyo sababu huchanganywa na chumvi ya mezani kwa wingi, ambayo ikiyeyuka kwenye nyuzi 801 humeza joto. Magnesiamu ikizidi, huungana na silikoni, na ukimwaga asidi ya kusafishia hutoka silani, gesi inayojiwasha ikigusa hewa. Silika iliyobaki huondolewa kwa asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi na kufyonza kalsiamu ya mwili. Hiyo ni kazi ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa, si ya gereji.

"Kinywe cha Mererani kinaingia moja kwa moja kwenye betri."

Kinywe kipo, kwenye miamba ile ile ya tanzanaiti. Lakini betri inataka usafi wa asilimia 99.95, punje zilizoviringishwa za mikromita 10 hadi 20, na koti la kaboni. Angalia vipimo: hiyo si nano hata kidogo.

"Betri ya nano haidhuriwi na baridi."

Wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wanaijua hali ya kambi za Barafu au Kibo alfajiri, chini ya sifuri. Ukichaji betri ya kinywe ikiwa imeganda, lithiamu hushindwa kupenya na kujipaka juu ya anodi kama metali, hata punje zikiwa ndogo. Ipashe kwanza ndani ya mfuko wa kulalia. Inayovumilia ni anodi ya titaneti ya lithiamu, kwani hufanya kazi volti 1.55 juu ya lithiamu, mbali na hatari hiyo, ingawa hubeba miliampia-saa 175 tu kwa gramu. Kuitambua, soma volteji ya seli moja: 2.3 au 2.4 ni titaneti. Ikiandikwa 3.2, 3.6 au 3.7, ndani kwa kawaida kuna kinywe, hata lebo iseme nano mara ngapi.